Baba wa Kukodi

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita liliwawashia jiko kabla hawajalisoma, nitarudia kwa ufupi, kwa heshima zote zinazostahili msiba.

Mimi ni raia. Baba yangu si raia. Mama alikuwa raia, na kibali cha Baba kuishi hapa kilining'inia kwenye ndoa yao kama koti kwenye msumari. Mama alifariki nikiwa darasa la tano. Msumari ukang'oka.

Watu wa Uhamiaji wakamwambia Baba afungashe. Tukaenda mahakamani, tukashindwa. Walisema mimi nasoma bweni, kwa hiyo silelewi na Baba, nalelewa na kengele. Wakaongeza kwamba nina mama mdogo, naye ni raia, na nyumbani kwake kuna chumba hakina mtu.

Kumbe kosa la Baba lilikuwa kunipeleka shule nzuri.

Tukakata rufaa. Wakili wetu, ambaye mimi namwita Dada Wakili kwa sababu hajanizidi sana umri na hapendi kuitwa mama, alinieleza sheria kama anavyoelezwa mtoto wa chekechea. Mahakama haiulizi kama mtoto atahuzunika. Inauliza kama mtoto anaweza kuishi hapa bila mzazi wake. Akiweza, mzazi aende. Asipoweza, mzazi abaki.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuthibitisha mbele ya watu wazima kwamba siwezi. Kijana wa kidato cha tatu, mwenye dalili za ndevu na sifa mbaya ya kuweza kila kitu.

Siku ya rufaa ikafika.

Tulikuwa kwenye korido, Baba kavaa shati lililopigwa pasi mpaka likakata tamaa. Dada Wakili akaja karibu anakimbia, mafaili kifuani, meno yote nje.

"Nimepata shahidi!"

"Shahidi gani?" Baba akauliza.

"Mwalimu mkuu wa mwanao. Nilimpigia jana, nikadhani atasitasita. Unajua alivyosema? 'Baba yake yule? Hakuna mzazi ninayemfahamu kama yule. Nikimwita tu, yuko getini.'"

Baba akajigusa kifua. "Mimi?"

"Usijishushe, mzee wangu. Leo si siku ya unyenyekevu."

Baba ni fundi wa majokofu. Mtaani wanamwita Fundi Baridi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya uchache wa maneno yake. Shuleni kwangu alifika mara moja tu, siku ya kunipeleka, godoro langu kichwani. Lakini habari njema kwetu zilikuwa adimu, na mtu mwenye kiu haulizi maji yametoka bomba gani.

Mimi nikainuka.

"Dada Wakili," nikasema, "mwalimu mkuu ana mafua makali. Tusimsumbue."

"Nimeongea naye asubuhi hii. Yuko njiani."

"Ni mafua ya ghafla."

"Kaa chini."

Nikakaa. Na kwa kuwa nimekaa, ngoja niwaeleze jambo ambalo kila aliyesoma bweni analijua na kila mzazi wake halijui.

Mwanafunzi akikosa anaambiwa: nenda, usirudi bila mzazi. Sasa, mzazi wa kweli ana kasoro nyingi. Yuko mbali, ana kazi, na ana mkono mzito. Kwa hiyo unatafuta mtu mzima yeyote mwenye koti, unamfundisha jina lako, anakuja ofisini anasema, "Nimesikitika sana, mwalimu." Huyo ndiye mzazi wa kukodi.

Wangu alikuwa kinyozi mwenye kibanda ng'ambo ya geti la shule. Nilimlipa kwa sabuni, maana kinyozi hashibi sabuni.

Wenzangu walikodi watu wa kuinamisha vichwa. Mimi niliangukia msanii. Siku ile niliyotangaza kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba Ijumaa ni likizo, na nusu ya shule ikaenda kwao, kinyozi aliingia ofisini akanipiga kofi ambalo hatukulifanyia mazoezi. Kisha akakaa, akalia.

"Marehemu mama yake alinikabidhi huyu," akasema, kamasi zikimtoka.

Habari za Mama sikuwa nimemwambia. Aliotea tu.

Siku ya mbuzi aliyekutwa chumba cha walimu amevaa tai, alilia tena. Baada ya hapo akaanza kuja bila kuitwa. Siku ya wazazi alikuja amejinyoa vizuri, akagombana na mwalimu wa kemia kuhusu alama zangu. Hana mtoto, nadhani ile kazi ilimkolea. Mwisho akaacha hata kudai sabuni.

Haya. Mlango ukafunguliwa, tukaitwa ndani.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kina mabenchi ya kuumiza na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Baba hakuweza kujizuia. Alikitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa wa daktari mwingine.

"Bomba la maji limeziba," akaninong'oneza. "Kazi ndogo tu."

Mlangoni walikaa askari wawili wa Uhamiaji, wametulia kama madereva wanaosubiri abiria. Mbele alikaa Jaji, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Upande wa pili alikaa wakili wa serikali, mtu mpole kupita kiasi, ambaye kila kisu chake hutanguliwa na neno "samahani". Wiki mbili zilizopita, humu humu gazetini, nilimbatiza Bwana Samahani, na jina limemkaa.

Shahidi akaitwa. Shuleni tunamwita Hotuba, kwa kuwa hata kukuamkia anahitaji utangulizi, kiini na hitimisho.

"Mheshimiwa," Hotuba akaanza, "kabla sijajibu, niruhusu nitoe utangulizi mfupi."

"Usitoe," akasema Jaji.

Hotuba akameza utangulizi kwa shida, akaingia kwenye kiini.

"Wazazi wa siku hizi, Mheshimiwa, wanatuachia watoto kama mizigo stesheni. Lakini baba wa kijana huyu! Mtoto ni mtundu, sifichi. Ni mtundu wa daraja la kwanza. Ila baba yake nimemwona kwa macho yangu akilia ofisini kwangu kwa uchungu wa mwanawe. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, huyu mtoto akitenganishwa na yule baba, amekwisha."

Kalamu ya Jaji ilikuwa inakimbia. Dada Wakili alinikanyaga mguu kwa furaha. Wasomaji wangu, kwa muda huo mfupi tulikuwa tumeshinda.

Baba aliinamisha kichwa. Alikuwa anajaribu kukumbuka ni lini alilia.

Bwana Samahani akasimama taratibu. Naapa hakuwa na hila yoyote. Alitaka tu kumaliza utaratibu akale.

"Samahani, Mwalimu. Baba huyo yumo humu ndani?"

Hotuba akasogeza miwani. Baba akaanza kuinuka kwa adabu, tayari kutambuliwa. Macho ya Hotuba yakaja kwenye benchi letu, yakanipita, yakampita Baba, yakaendelea mpaka ukutani.

"Bado hajafika," akasema Hotuba. "Labda ni foleni barabarani. Si kawaida yake kuchelewa."

Baba akabaki katikati, hajasimama hajaketi.

"Samahani," akasema Bwana Samahani, na sasa sauti yake ilikuwa imeamka. "Na huyu bwana hapa, unamfahamu?"

Hotuba akamtazama Baba kuanzia shati mpaka mikono, ile mikono yenye makovu ya gesi.

"Huyu? Nadhani ni fundi. Si amekuja kutengeneza kiyoyozi?"

Mtu akacheka nyuma. Halafu akaacha kucheka.

Jaji akavua miwani ikaning'inia. "Tutapumzika kidogo. Wakili, tukirudi nataka kujua huyu mtoto baba yake ni nani."

Koridoni Dada Wakili hakunipiga. Alinitazama tu, akasema, "Sema yote," nami nikasema yote. Alipomaliza kusikiliza akaenda kusimama dirishani, mgongo kwetu.

Tukabaki Baba na mimi.

"Ni mfupi?" Baba akauliza.

"Nani?"

"Huyo mwenzangu."

"Mfupi, Baba."

"Mnene?"

"Kiasi."

"Amewahi kukupiga?"

"Mara moja. Kofi. Mbele ya mwalimu mkuu."

"Nani alimpa ruhusa?"

"Ilikuwa... ilikuwa sehemu ya kazi."

Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia bei ya kipuri.

"Na kulia alilia kweli?"

"Analia vizuri, Baba."

Akanyoosha ukosi wa shati lake. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mama yako alipokufa mimi nililia bafuni. Nilifungulia maji usije ukasikia."

"Nilisikia."

Hilo hakulitegemea.

"Kwa nini hukuniita mimi?"

"Mlinzi wa geti anadai kitambulisho, Baba. Ni polisi mstaafu. Anakisoma mbele na nyuma. Kinyozi haulizwi, ndiye anayemnyoa."

"Ningekuja."

"Siku ya godoro kibali chako kilikuwa hai, baadaye kilikwisha. Wangekukamata palepale."

"Ningekuja, nimekwambia."

Nilitaka kumwambia kwamba ndiyo maana sikumwita, kwa kuwa nilijua angekuja. Hilo ni kweli kwa mara ya kwanza. Mara zilizofuata sikuwa namlinda mtu yeyote. Ilikuwa rahisi tu, na ilikuwa inachekesha. Lakini tayari tulikuwa tunaitwa ndani.

Tulipoingia, Hotuba alikuwa amekaa benchi la mashahidi anajifuta jasho, ana uso wa mtu aliyeokoa jahazi.

"Usijali, kijana," akaninong'oneza. "Nimempigia simu baba yako. Yuko karibu kabisa."

Sikupata hata nafasi ya kufa. Mlango uligongwa, ukafunguliwa kabla ya kuruhusiwa, na askari wawili wakasogea kumpisha mtu mfupi, mnene kiasi, mwenye koti lililorushwa juu ya aproni, nywele za wateja zimejaa mabegani.

Kinyozi alitazama chumba. Akamwona Hotuba. Akaniona mimi nimesimama mbele ya watu wazima wenye nyuso nzito. Akahitimisha kama alivyozoea kuhitimisha.

Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa!" akamlilia Jaji. "Mimi ndiye baba yake! Amefanya nini tena?"

"Huyo ndiye!" akasema Hotuba kwa ushindi.

Kinyozi akanisogelea, akaniinamia sikioni. Alinuka poda na mafuta ya mashine.

"Nilie sasa au nisubiri?"

"Usilie," nikasema. "Tafadhali. Baba yupo hapa."

"Baba yupi?"

Nikamwonyesha kwa macho. Kinyozi akageuka. Wakatazamana, mrefu na mfupi, na sikuwahi kuona mtu akivua kofia haraka hivyo wakati hana kofia. Mkono wake ulipapasa kichwa kitupu, ukashuka.

"Shikamoo," akamwamkia Baba, ingawa kwa umri walikuwa sawasawa.

Baba hakuitikia.

Jaji akagonga meza. Kinyozi akaketishwa nyuma. Mimi nikaapishwa, nikaambiwa nieleze.

Nilieleza. Sikuweka chumvi, na mnaonijua mtashangaa. Nilieleza likizo ya Ijumaa na mbuzi, nikaeleza sabuni. Kwenye mbuzi Jaji alijifunika mdomo kwa karatasi. Nilisema huyu mrefu ndiye aliyenizaa, aliyenibebea godoro, anayenipigia simu kila Jumapili na kuuliza maswali yaleyale: umekula, umesoma, unaumwa? Nilimtaja mlinzi wa geti na vitambulisho anavyodai. Nilisema, na sauti ikanisaliti, kwamba nilimkodi kinyozi kwa sababu niliogopa kumpoteza Baba getini.

Dada Wakili akasimama, macho yanang'aa.

"Mheshimiwa, mahakama imejionea. Mtoto huyu alikuwa radhi kupigwa kofi na mgeni kuliko kumhatarisha baba yake. Kama huo si uhusiano wa mzazi na mtoto, mimi sijui neno lingine."

Jaji alitikisa kichwa kwa kukubali. Nikavuta pumzi.

"Samahani," akasema Bwana Samahani.

Akanisogelea, mpole kama muuguzi aliyeficha sindano mgongoni.

"Kijana, hatubishi kuhusu damu. Cheti chako cha kuzaliwa tumekiona. Umetueleza vizuri, na mimi nakuamini. Naomba unisaidie jambo moja. Ulipofukuzwa shule, nani alikurudisha darasani?"

"Kinyozi."

"Nani alikutafutia huyo kinyozi?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa akili zako."

"Ndiyo."

"Baba yako alijua?"

"Hapana."

"Siku ya wazazi alikuja nani?"

Nyuma yangu nilimsikia kinyozi akikohoa.

"Samahani kwa kukusumbua, namalizia. Baba alikuwa hatarini, na wewe ukamlinda. Hongera, una moyo. Ila sheria inatutaka tuulize nani anamtegemea nani. Sasa hapa, kati yenu wawili, nani alikuwa anamlea mwenzake?"

Akamgeukia Jaji.

"Mheshimiwa, watoto wengi wamesimama hapo. Huyu ana mama mdogo, ana mwalimu mkuu aliyefunga ofisi kuja kumtetea, na ana hata baba wa akiba. Sijawahi kuona mtoto mwenye watu kama huyu. Sina swali lingine."

Akaketi, akapanga karatasi zake ziwe sawa pembeni.

Dada Wakili alisimama kujibu, na alijibu, tena kwa maneno makali ya kisheria. Lakini kalamu ya Jaji sasa ilikuwa inatembea polepole, na sote tulikuwa tunaitazama kalamu.

Ndipo Baba akasimama. Safari hii alisimama mpaka mwisho.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Wakili wako anasema kwa niaba yako, bwana."

"Najua. Amesema vizuri, Mungu ambariki. Ila kuna jambo moja hawezi kunisemea." Alikuwa ameshika ncha ya benchi. "Mimi kazi yangu ni majokofu. Jokofu likiletwa kwangu nalisikiliza kwanza. Kama linafanya kazi, simdanganyi mwenyewe kwamba ni bovu ili nipate kula. Namwambia ukweli, arudi nalo nyumbani."

"Mzee," Dada Wakili akanong'ona, akamshika mkono wa shati. "Mzee wangu, kaa chini."

"Nimemsikiliza huyu mtoto leo. Anafanya kazi." Akatabasamu vibaya, tabasamu la mtu aliyekanyaga kioo. "Ana watu. Mimi nilidhani niko peke yangu kwake, na yeye yuko peke yake kwangu. Sitaki asimame mbele za watu kujifanya kilema kwa ajili yangu. Naiondoa rufaa."

"Mzee!"

"Naiondoa."

Hotuba, kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe, alikosa neno.

Jaji aliweka kalamu chini. Alimtazama Baba, akanitazama mimi, na sura yake haikuwa ya jaji, ilikuwa ya mama wa mtu.

"Unaelewa maana yake? Nikiandika hivyo, wale askari pale mlangoni hawataondoka bila wewe."

"Naelewa."

"Kabla sijaandika," akasema Jaji, "nataka kumsikia mtoto. Kijana, umemsikia baba yako. Una neno?"

Wasomaji wangu, mimi nimewahi kuiga sauti ya mwalimu mkuu, ya matroni, ya mlinzi na ya mbuzi. Nimewahi kujitetea mbele ya kamati ya nidhamu mpaka mwenyekiti akaomba radhi. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, na yote matatu nilikuwa nayo mdomoni: siwezi bila yeye. Lakini kila nilipoyatazama nilisikia jinsi yatakavyosikika katika chumba hiki, yakitoka kwangu, baada ya yote waliyonisikia nikisema. Yangesikika kama utani.

Nikafungua mdomo. Hakukutoka kitu.

"Sema, mwanangu," ikasema sauti nyuma yangu, sauti iliyojaa machozi, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

Ilikuwa sauti ya kinyozi. Baba, bila kusubiri kalamu ya Jaji, alikuwa ameshafika mlangoni, na mmoja wa wale askari alikuwa anamfungulia.